Aliyeniitikia Langoni

Anayetaka kuniita mwongo aniite. Mimi ndiye niliyeanguka, na ndiye niliyeisikia sauti.

Nilikuwa mlinzi Doha, kule Qatar, upande wa Al Wukair, Kombe la Dunia bado halijachezwa. Tulilinda jengo la seva, kompyuta zinazotunza vitu vya watu kwenye hilo wanaloliita wingu. Mle ndani kila kitu ni viwili viwili: umeme wa njia mbili, viyoyozi seti mbili, kila seva na mwenzake. Fundi mmoja Mkenya aliniambia, "Hizi mashine zinaulizana kila sekunde, 'Uko?' Moja ikinyamaza, ingine inashika kazi hapo hapo."

Nilikasirika, niamini. Maana langoni, kwenye jua la Agosti, alisimama mlinzi mwenzangu, Salumu wa Pemba, peke yake. Akiomba wa kumpokea, msimamizi anamwambia hakuna mtu wa ziada.

Na sisi tuliulizwa. Kila nusu saa msimamizi aliita redioni, "Lango?" Unajibu, "Salama." Mwenzako akijiiba kivulini unamjibia, asipewe barua ya onyo. Ndivyo tulivyositiriana.

Siku ile adhuhuri Salumu hakujibu. Mimi nipo mapokezi, kwenye baridi, nikadhani kajiiba kivulini, nikabana sauti ifanane na yake: "Salama." Nusu saa baadaye nikajibu tena. Kumbe yuko chini, kifudifudi. Hakuamka tena. Nilimchukia msimamizi, na nikajichukia mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nikapangwa lango lile. Jua la utosi, macho yakaingia giza, nikaanguka mlangoni pa kibanda cha mlinzi. Redio naiona, mkono haufiki. "Lango?" Nikasema moyoni, afadhali, nikinyamaza watakuja.

"Salama."

Ilikuwa sauti ya Salumu, ya taratibu vilevile, karibu na sikio langu. Nusu saa ikapita, akaitikia tena. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa ananisitiri.

Aliniokota yule fundi, alipotoka kuvuta sigara. Msimamizi akanionyesha kitabu: Lango, salama, mara mbili. Eti nadai vipi nilianguka? Nilitaka kumpiga nacho usoni.

Mpaka leo nikiitwa nasita kwanza, nisikie kama kuna atakayenitangulia. Wewe unayelinda popote pale, usimjibie mwenzako. Wao wanaogopa mashine ikinyamaza sekunde moja. Basi na wasikie mtu akinyamaza. Acha redio iite bure, halafu kimbia ukamtazame.