Kidole Kilichosingiziwa Malenge

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mtaa wetu mzima wa Laini Saba ulijua kwamba kidole changu kimeua malenge. Sitii chumvi. Hata mama wa mandazi kando ya reli aliniambia nisiyaonyeshe kidole mandazi yake, niseme tu nataka ngapi.

Shuleni tulikuwa tunafundishwa kulima kwenye magunia. Mwalimu Akinyi alitaka tujue chakula kinatoka wapi na taka zinakwenda wapi, kwa hiyo kila asubuhi tulibeba maganda kutoka nyumbani, tukayageuza mbolea, tukanuka ipasavyo. Kundi letu lilikuwa na gunia la malenge, na mimi ndiye niliyelimwagilia maji. Nililipenda lile gunia kuliko vitabu vyangu vyote, na sioni haya kusema hivyo.

Siku kitunda cha kwanza kilipotokea nyuma ya ua la manjano, kidogo kama ndimu, nilipiga kelele, "Cheki! Cheki pale!" Nikakinyooshea kidole.

Zuhura, kiongozi wa kundi, alishika kichwa. "Wee Nafula! Kwani hujui malenge haionyeshwangi kidole? Itaoza!"

Nilijua sana. Shosho, nyanya yangu, alikuwa ameniambia tangu zamani kwamba malenge changa huonyeshwa kwa ngumi. Siku ya tatu kitunda kikawa njano, kikanyauka, kikaanguka. Cha pili kikafuata, na hicho Mungu ni shahidi sikukitazama hata kwa jicho moja. Zuhura akanifukuza kwenye gunia, akanipa kazi ya kupeleka maganda kwenye pipa la mbolea, tena nikiwa nimekunja ngumi. Jaribu wewe kubeba maganda ya ndizi kwa ngumi.

Nyumbani nililia mpaka kwikwi ikanishika.

"Pole, mama," Shosho akasema. "Lakini si nilikuambia?"

Kitunda cha tatu kilipoanguka, Mwalimu Akinyi alikuja, akainama, akapekua majani.

"Maua mengine yako wapi? Yale yasiyo na kitunda nyuma?"

"Tuliyang'oa, Mwalimu," Zuhura akajibu kwa maringo. "Hayazai. Tukayatia kwenye mbolea. Si ulisema kitu kisikae bure?"

Mwalimu akakalia ndoo, akacheka mpaka machozi. "Hayo ndiyo maua ya kiume! Mmewamaliza baba zao wote, halafu mnamlaumu Nafula?"

Akatafuta tena, akapata ua moja la kiume lililowaponyoka chini ya majani. Akanipa mimi, akanionyesha jinsi ya kusugua unga wake taratibu ndani ya ua la kike. Kitunda hicho kilishika, kikanenepa, na Zuhura hakuniomba msamaha, alinirushia tu mkebe wa kumwagilia.

Nilimweleza Shosho habari yote ya maua ya kiume. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sawa. Na hiki kilichokomaa, ulikionyesha kidole?"

"Hapana, Shosho."

"Haya basi."

Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa magunia, mtaani Kawangware 46, na maua ya kiume ni somo langu la kwanza. Hata hivyo vitunda huanguka. Kinachoniuma hadi leo ni jinsi nilivyokubali haraka kwamba kosa ni langu. Kwa hiyo kitunda kikianguka, kabla sijainama kukagua maua, huwa naangalia kwanza ni mtoto gani amenyamaza.