Sikumwita Riziki

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikianza kueleza huwa najikuta nimeshageuka mimi ndiye mwenye kuonewa. Nimevunja nyumba ya watu. Kwanza kwa kunyamaza, kisha kwa kusema.

Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Pemba. Baba alitoka bara kuja kuchuma karafuu na hakurudi tena. Nashona nguo hapa karibu na Mtambile, na Jumapili nasali katika kanisa letu dogo ambalo mmoja akikosekana wote wanajua. Jirani yangu ni Bi Mize, mjane, Mwislamu wa sala tano, ambaye tangu mama yangu afariki alikuwa akiniita mwanangu. Idi nakula kwake, Krismasi anakula kwangu. Ndivyo tulivyokuwa, jamani!

Kisha mwanawe Hamadi, anayefanya kazi Unguja, akaoa msichana wa Konde aitwaye Riziki, akamleta akae na mama yake. Riziki hakunikosea kitu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kazi, na mchuzi wake ulikuwa mtamu kuliko wangu. Nikaanza kusikia kutwa nzima, "Riziki mwanangu, Riziki mwanangu," na mimi naitwa pale tu penye kitambaa cha kukata. Wivu ulinikaba. Mtu mzima mimi, navaa miwani ya kutungia uzi, namwonea wivu mkwe wa jirani!

Sasa, kwetu huku karafuu zikianikwa, wa kwanza kuliona wingu hupiga kelele. Haulizi ni za nani. Unaita majina, na kila aliye karibu anakimbia kuanua, hata kama jana mmetukanana. Ukinyamaza umefanya jambo ambalo halina hata jina, kwa sababu hakuna anayelifanya.

Mimi nililifanya.

Siku hiyo karibu mtaa mzima ulikuwa umekwenda mazikoni Pujini. Mimi nilibaki kumaliza sare za wanafunzi. Bi Mize kabla ya kuondoka alisimama mlangoni kwangu na buibui lake.

"Mwanangu, weye hapo barazani waiona mbingu. Riziki yuko jikoni uani na mtoto wake ana homa. Ukiona wingu tu, mwite."

"Nenda salama, mama. Nitamwita."

Karafuu zilikuwa zimebakisha jua moja tu. Majamvi yalijaa uwanja mzima, na fedha zake zote zilikuwa za kuezekea nyumba ya Hamadi na Riziki, maana kuta zilikuwa zimeshasimama.

Wingu nililiona. Nisikudanganye, nililiona mapema kabisa, jeusi, limeshuka. Mguu ukaendelea kukanyaga cherehani. Nikasema moyoni, leo naye bibi harusi ajifunze kutazama juu. Nikasema tena, labda litapita. Nikapindisha ukosi wa shati kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa nguo ya mtu yeyote.

Halikupita! Ilishuka mvua ya kumwaga. Riziki alitoka mbio kichwa wazi, anazoa karafuu kwa mikono, analia, "Dada! Dada, nisaidie!" Hapo ndipo nilipotoka. Nikashika upande wa pili wa jamvi, nikarowa pamoja naye mpaka nguo za ndani. Tulipomaliza, karafuu zikiwa zimeshalewa maji, akanishika mkono akasema, "Ahsante, dada." Mungu wangu! Ile ahsante bado ninayo.

Bi Mize aliporudi alisimama uwanjani, hakuvua hata viatu. "Kwani hamkuliona wingu?"

Nikawahi kufungua mdomo. "Mama, nilimwita. Nilimwita wee, alikuwa na simu sikioni."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Na kwa bahati mbaya yake, kweli alikuwa amezungumza na mumewe mchana ule. Uongo wangu ukapata miguu. Riziki alinitazama. "Mimi sikusikia," akasema taratibu. Hakusema kwamba hakuitwa. Alisema hakusikia.

Karafuu ziliumuka zikafanya ukungu. Bi Mize akamwambia mwanawe, na Hamadi naye akakumbuka kuwa ni kweli alikuwa naye kwenye simu. Wakaanza kugombana kwenye simu, yeye na mkewe. Nilikuwa nasikia kila kitu kupitia ukutani. Siku moja Riziki akasema, "Mama yako amwamini jirani kuliko mimi," yakazaliwa maneno mengine, na Hamadi akampa talaka kwenye simu hiyo hiyo. Riziki akabeba mtoto wake akarudi kwao Konde. Mimi ndiye niliyemsaidia kufunga mizigo.

Nilikwenda kanisani nikaungama mbele za Mungu. Nililia kweli, si utani. Mchungaji akaniombea, akaniambia damu ya Yesu imenitakasa, na mimi nikaamini. Naamini mpaka leo. Nilirudi nyumbani naimba.

Lakini raha sikupata. Mvua ikinyesha nahisi kuumwa. Nikishona ukosi wa shati naufumua, naushona tena. Bi Mize akiniita mwanangu, maana alirudi kuniita hivyo kutwa nzima, kile nilichokuwa nakitaka, nilitamani kujificha chini ya meza. Nikamwendea tena mchungaji kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani. "Mbona hamna amani? Si nimesamehewa?"

Akaniuliza, "Umemwambia nani?"

"Mungu."

"Mungu alikuwa anajua," akasema. "Wasiojua je?"

Nilikasirika! Nilitoka pale bila kuaga. Nilikuwa nimefanya msamaha wa Mungu kuwa mahali pa kujificha nisionane na watu, na mchungaji alikuwa amefungua mlango.

Ilinichukua muda mrefu, naona haya kusema muda gani. Mwishowe nikaenda kwa Bi Mize. Alikuwa anachambua karafuu za msimu mpya. Nikamwambia yote. Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea polepole.

"Miye n'shakusamehe, duniani na akhera," akasema. "Lakini mie yangu yalikuwa karafuu. Ya Riziki n'tayasamehe vipi mimi? Nenda kwake mwenyewe."

Hakuniita mwanangu. Hajaniita tena hadi leo.

Nikaenda Konde. Nilimkuta Riziki mlangoni kwao anamsuka mwanawe nywele. Alinikaribisha vizuri, akataka kuniletea chai. Nikamwambia asilete chochote kwanza. "Riziki, siku ile sikukuita. Nililiona wingu, na sikukuita."

Kitana kilibaki kwenye nywele za mtoto.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Nilingoja anitukane. Badala yake akageuka ndani akaita kwa sauti kubwa, "Mama! Mama njoo! Dada, hebu sema tena, mama asikie."

Nikasema tena mbele ya mama yake. Riziki akaanza kulia. "Mama si mwaona? Sikuwa kiziwi mie!" Kisha akanigeukia. "Dada, nilikwenda mpaka hospitali kupimwa masikio. Nilishaamini uliniita. Usiku mtoto akilia nilikuwa siamini kama nitamsikia, nalala nimemshika mguu."

Jamani! Hilo sikulijua. Wakati mimi naimba kanisani, yeye alikuwa analala ameshika mguu wa mtoto.

Nikamwomba radhi. Akasema hajui kama ataweza kunisamehe, nimwache kwanza, na hiyo ni haki yake. Hamadi ameshaoa mke mwingine huko Unguja. Zile kuta hazijaezekwa, zimeota majani. Mungu amenisamehe, wala sitamwita Mungu mwongo, lakini hakumrudisha Riziki pale alipokuwa, na kila nikitoka nje naziona zile kuta.

Siku hizi nikiona kiwingu kidogo tu naacha cherehani nakwenda uwanjani kuita majina, hata pasipo na karafuu. Watoto wananicheka. Nawaacha wacheke.

Wewe unayesoma, kama yuko mtu amebeba lawama yako, usiishie kupiga magoti. Piga magoti, kisha inuka uende kwake. Usimwache mwenzio aende kupimwa masikio, na wewe unajua hukumwita.