Maua Yaliyoota Pasipolimwa

Siena Beukes amechunga mbuzi katika milima ya Kamies tangu usichana wake, na alichokiogopa kuliko chui ni mashimo. Wachimba shaba wa zamani waliyaziba kwa mbao na udongo, wakaenda zao. Baba yake alitumbukia katika mojawapo, wala mwili haukupatikana.

Mwaka ule mvua za majira ya baridi zilikuwa za neema, na Agosti ilipoingia bonde zima likageuka rangi ya chungwa kwa maua. Mdogo wake Lettie, aliyekuja kumtembelea kutoka Cape Town, akachukua ndoo akachume maua ya kanisani.

"Usipande mlimani!" Siena alimpigia kelele.

"Wewe nawe dada! Hata kivuli chako unakiogopa!"

Siena akaswaga mbuzi, akamfuata. Alipofika mtelemkoni, alisimama ghafla. Pale ardhi ni ngumu, huota vichaka vya miti migumu tu. Lakini katikati palikuwa na duara la maua ya chungwa, yenye pete nyeusi moyoni. Ua lile huishi msimu mmoja, na hupenda udongo uliotifuliwa: shamba la zamani, zizi, njia ya ng'ombe. Pale hapakuwahi kulimwa. Na Lettie alikuwa ameinama katikati yake.

"Lettie! Simama hapo hapo!"

"Kuna nyoka?"

"Hapo chini pamechimbwa!"

"Shimo gani? Mbona naona maua tu?"

"Ndiyo hayo maua yenyewe!"

Lettie akacheka, akainua mguu. Ardhi ikatoa mlio kama mtu anayekohoa, ikamtwaa hadi kwapani. Ndoo ilipotelea chini, na walikaa kitambo ndipo wakaisikia ikigonga.

"Dada, usiniache!"

"Usirushe miguu. Nyamaza, mama, shika hii."

Siena alilala kifudifudi, akamrushia shali yake. Mbao zilikuwa zikivunjika moja moja. Alivuta huku akirudi nyuma kwa tumbo, hadi wote wawili wakawa juu ya mwamba, Lettie na kiatu kimoja.

Hapo ndipo Siena alipoketi palepale mwambani. Alimlilia baba yake kwa sauti, na Lettie ndiye aliyekusanya mbuzi.

Majirani walizungushia shimo lile mawe. Lakini maua yakichanua, Siena huchunga ng'ambo ya mto, na akimwona mtu ameinama mbali, humwita, wala hatulii mpaka amsikie akiitika.