Usiniletee Shida, Niletee Mashuka

Jumanne iliyopita, nikiwa ofisini nasoma barua zenu, aliingia mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi, akakataa kiti nilichompa. Sikumtambua mpaka alipotaja jina la baba yake. "Baba alitutoka Jumapili," alisema. "Alikuwa amelala mgonjwa wiki tatu. Aliniagiza nikuambie kwamba ukitaka kuandika, uandike na ile habari ya boila. Jina lake uliache." Nilimuuliza kama hayo ndiyo maneno yake yote. Akasema ndiyo, na kwamba aliyarudia mara mbili, kama mtu anayeogopa kuwa hajasikika. Basi leo naandika. Wasomaji wangu watanisamehe kwa kuwa safu hii haitakuwa na mzaha wake wa kawaida.

Nilimfahamu marehemu miaka michache baada ya uhuru, tulipokutana kwenye mafunzo ya viongozi wa makampuni katika nyumba moja kubwa kule Kitisuru, iliyokuwa ya mlowezi aliyeuza na kwenda kwao. Mimi nilitumwa na gazeti. Yeye alitumwa na kiwanda cha kufulia nguo kilichokuwa karibu na katikati ya jiji, kilichofua mashuka na vitambaa vya meza vya hoteli kubwa. Tulikuwa wanaume kumi na wawili, wengi wetu tukiwa na mvi za kwanza, na hakuna aliyefurahi kuketi tena kama mwanafunzi. Yeye ndiye aliyechukia kuliko wote. Alikuwa ameanza kazi pale kiwandani kama karani wa kupokea nguo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine chini ya Wazungu wasiompenda, mpaka akawa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha meneja. Alikuwa amehamia Spring Valley, kwenye nyumba yenye bustani ambayo zamani asingeruhusiwa kupita hata langoni bila kipande cha karatasi. "Mimi nimesimamia watu miaka kumi na saba," aliniambia siku ya kwanza, tukinywa chai barazani. "Huyu mwalimu atanifundisha nini? Kushika chaki?" Kisha akanieleza siri ya uongozi wake, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa ofisi yake ili kila anayeingia aisome: Usiniletee shida, niletee mashuka.

Kwa siku nyingi nilidhani alikuwa na haki ya kuringa. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kupanga kazi, ya kuendesha mikutano, ya kugawa madaraka, na mengi ya hayo aliyajua kwa mikono yake kabla waliokuwa wakitufundisha hawajayasoma. Alijibu maswali yote. Kisha, wiki ya mwisho, akaletwa mama mmoja mwembamba kutoka upande wa Kiambu, aliyekuwa matroni hospitalini kwa muda mrefu. Hakuwa na chati wala picha. Alitugawia karatasi na kusema, "Andikeni habari mbaya moja ambayo mtu aliye chini yenu aliwaletea mwezi uliopita, kabla ninyi wenyewe hamjaigundua." Tukainama tukaandika. Mimi niliandika juu ya mpiga chapa aliyenionyesha kosa langu. Alipokusanya karatasi, ya rafiki yangu huyu, aliyeketi karibu nami, ilikuwa tupu. "Kwangu hakuna habari mbaya," alisema kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa. Yule mama aliiweka karatasi ile mezani. "Nilipewa wodi moja kama hiyo," akasema. "Hakuna mgonjwa aliyepiga kengele. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kuzikagua kengele zenyewe, nikakuta nyaya zimekatwa."  Kisha akachukua karatasi ya mtu mwingine akaendelea.

Jioni ile, kabla ya chakula, tulitembea sisi wawili kwenye barabara ya vumbi iliyopita kati ya mibuni.  Huko akaniambia kwamba kulikuwa na mtu aliyemletea habari mbaya, wala si zamani, na kwamba alimfukuza. Alikuwa mwangalizi wa boila, ule mtambo wa mvuke uliopasha pasi za kiwanda, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mlokole, aliyewasha moto ule tangu enzi za Wazungu. Aliingia ofisini bila kubisha, buti zake zikiwa na maji, wakati meneja wa hoteli fulani ameketi pale na mkataba mezani. "Bwana meneja, hiyo boila iko mbaya," alisema. "Vali wameifunga na waya." Rafiki yangu alimwambia atoke. Hakutoka. Akasema tena, "Ile vali ndiyo inatoa mvuke ukizidi. Mnyapara amesema tuifunge kwa sababu inafunguka mapema, pasi zinapoa. Sasa mvuke utapita wapi?" Mgeni alicheka kidogo. Rafiki yangu hakuweza kuvumilia kile kicheko. Akamfukuza mtu yule siku hiyo hiyo, kwa utovu wa nidhamu. "Na tangu hapo," aliniambia pale mibunini, "hakuna aliyetaja boila. Nilidhani imetengenezwa."

Aliporudi kazini aliwaita wanyapara wote na kuwauliza kuna tatizo gani. Wakamjibu mmoja mmoja kwamba hakuna. Aliwauliza juu ya boila. Wakasema iko sawa. Alishuka mwenyewe mpaka kwenye chumba cha boila, lakini hakuwa fundi, na sehemu ya juu ya mtambo ilikuwa imefunikwa kwa magunia. Alimuuliza mwangalizi mpya, mtu mpole mwenye mke na watoto wawili, kama magunia yale yanatakiwa kuwa pale. "Ndiyo, bwana. Yanazuia joto lisipotee," akajibiwa. Alinipigia simu kuniambia hayo yote, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza aliwatazama usoni walipokuwa wakimjibu, na kila mmoja alitazama kwanza pale juu ya mlango palipokuwa na yale maandishi mekundu. Alikuwa ameyafuta asubuhi ile. Alama zake zilikuwa bado zinaonekana ukutani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alinipitia kwa gari lake tukaenda Riruta, sehemu ambayo siku hizi watu wanaiita Satellite, kumtafuta yule aliyemfukuza. Tulimkuta nje ya chumba cha kupanga, akinoa mwiko wa kuwekea saruji. Tangu afukuzwe alikuwa kibarua wa ujenzi. Mke wake alitoka, akatutazama suti zetu, akasema, "Juzi mlisema ana kiburi. Leo mnamtaka wa nini?" Rafiki yangu alisimama pale katikati ya kuku na sufuria za majirani, na nilimwona akitafuta maneno ambayo hakuwahi kuyatumia kazini. "Mama, nimekuja kumwomba mumeo msamaha," alisema. "Na nimekuja kumuuliza. Hakuna mtu mwingine atakayeniambia." Yule bwana aliweka mwiko chini. "Mimi nilikuambia," alisema polepole. "Ukaniambia nitoke." "Ni kweli." "Leo wanafanya kazi?" Rafiki yangu akajibu kwamba kulikuwa na zamu ya nusu siku, kwa sababu hoteli mbili zilikuwa na wageni wengi. Mtu yule alimtazama mkewe. Kisha akaenda kuvaa buti.

Tulifika kiwandani ikiwa kama saa saba mchana. Yule mwangalizi wa zamani hakuingia ndani. Alisimama uani, akainamisha kichwa kando kama mtu anayemsikiliza mtoto akikohoa chumba cha pili, kisha akageuka. "Toa watu," alisema. "Wote. Msiguse kitu chochote. Moto uachwe ufe wenyewe." Rafiki yangu alikimbia mpaka kwenye ukumbi wa pasi na kupaza sauti watu watoke. Wasomaji, nilikuwepo, na jambo hili ndilo sijaweza kulisahau. Hakuna aliyetoka. Kina mama wa pasi walimtazama, wakamtazama mnyapara, wakaongeza kasi. Walidhani anawapima. Mnyapara alikuja akitabasamu, mikono mbele, na kusema, "Hakuna shida, bwana meneja, tunaendelea vizuri, mashuka yatakuwa tayari saa tisa." Ilibidi rafiki yangu awashike mikono na kuwavuta, mmoja mmoja, akiwasihi, na wengine walilia wakidhani wamefutwa kazi. Tulipowahesabu uani, watu ishirini na wawili wa zamu ile walikuwa wametimia isipokuwa mwangalizi mpya.

Alikuwa kwenye chumba cha boila. Aliposikia kwamba meneja amekuja na mtu wa zamani, alijua wamekuja kuutazama ule waya, akapanda kwenda kuufungua kabla hawajauona. Aliyaondoa magunia, akaukata waya kwa koleo, na vali iliyokuwa imeganda haikufunguka. Akaigonga. Sisi tulisikia mlio mmoja mrefu, kama wa garimoshi, na ukuta wa uani ukawa mweupe kwa mvuke. Yule mwangalizi wa zamani ndiye aliyeingia kumtoa, akiwa amejifunika mashuka yaliyolowa. Alimtoa akiwa hai. Aliishi siku tatu hospitalini, na rafiki yangu hakuondoka kando ya kitanda chake ila kwenda kunyoosha mgongo. Siku ya pili mgonjwa aliweza kusema. Rafiki yangu alimuuliza kwa nini alirudi kule, wakati amri ilikuwa kutoka. "Nilitaka uikute iko vizuri, bwana," alisema. "Nilitaka usikasirike."

Baada ya mazishi wenye kiwanda walimwita rafiki yangu na kumpa taarifa iliyokwisha kuandikwa, ikisema kwamba kifo kilitokana na mfanyakazi kuchezea mtambo kinyume cha maagizo. Ilingoja sahihi yake tu. Kila neno kwenye karatasi ile lilikuwa la kweli, aliniambia, na karatasi nzima ilikuwa uongo. Alikataa kutia sahihi. Aliandika yake, akieleza alivyoambiwa juu ya vali, alivyomfukuza aliyemwambia, na maneno gani yalikuwa juu ya mlango wake. Akampelekea mkaguzi wa serikali nakala, na mjane nakala, ili apate haki yake. Alimaliza mwezi ule bila kazi. Nyumba ya Spring Valley aliiacha, akahamia kwenye kishamba cha mkewe karibu na Kikuyu, akafuga ng'ombe wa maziwa. Yule mtu wa Riruta alirudishwa kazini na meneja aliyefuata, lakini alikaa wiki mbili akaondoka. Aliniambia sababu nilipokutana naye mjini: kila alipoingia chumbani, watu waliacha kuzungumza.

Mara moja kwa mwaka rafiki yangu alialikwa kule Kitisuru kuzungumza na mameneja wapya. Nilihudhuria mara mbili. Aliwaeleza yote haya bila kujitetea, nao walimsikiliza kwa heshima, kisha wakati wa chai wakazungumza juu ya magari. Mmoja alimuuliza mafunzo yalimsaidia nini, ikiwa mtu alikufa hata hivyo.  "Kabla ya mafunzo," alijibu, "wangekufa wote ishirini na wawili, na mimi ningetia sahihi."

Nimelifikiria jibu hilo wiki hii yote, nikipita katikati ya jiji letu ambalo kila mwaka linaongezwa ghorofa. Ofisi za wakubwa zimepanda juu sana, zina milango miwili na makatibu watatu, na ukiingia unaambiwa mambo yote yanakwenda vizuri. Huambiwa hivyo viwandani, na maofisini, na mahali pengine ambapo si vizuri kupataja gazetini. Sisemi kwamba kuna hatari. Nasema tu kwamba sisikii mtu akiitaja, na marehemu alinifundisha kuuogopa ukimya wa namna hiyo.

Mtu mwenye uzoefu hapelekwi darasani akafundishwe kazi; kazi anaijua. Anapelekwa ili apate mahali ambapo hana cheo, mtu asiyemwogopa amuulize swali, na aone karatasi yake ilivyo tupu. Akiwa na bahati, ataona mapema. Lakini arudipo asidhani kwamba kuuliza kunatosha. Watu aliowafundisha kumwogopa kwa miaka kumi na saba hawatamwamini kwa wiki moja, na katika muda huo wa katikati, wakati yeye amekwisha badilika na wao bado hawajajua, ndipo mtu anapokufa kwa kujaribu kumfurahisha.