Shomari Yupo Ndani

Halidi alikuja Vihingo na mkate na sukari, akamwamkia mama yake mdogo, mama yake Shomari, kwa adabu zote, na Shomari akajua tu, hapa kuna kitu. Msomi wa ukoo hali vumbi la njia ile ili anywe chai ya rangi.

Kweli bwana. Kapata kazi ya stoo kwenye kiwanda cha maji ya chupa, Kibaha. Ila hataki aandikwe kwa jina lake. Mkopo aliosomea chuo hajalipa hata shilingi, na wakijua tu kaajiriwa, wanamkata hukohuko kazini kabla mshahara haujagusa mkono.

"Kwa hiyo dogo, niazime jina. Fotokopi ya kitambulisho, na laini ya kuingizia mshahara unisajilie kwa kidole chako."

"Si hela ulikula wewe?"

"Bumu, hela ya kujikimu chuoni, lilikuwa la kula, Shomari. Ulitaka nilifuge?"

Mama akacheka, kisha akamgeukia mwanawe. "Mpe. Ndugu yako huyo. Jina haliishi kwa kuazimwa."

Akampa. Fotokopi yenyewe nyeusi tii, sura kama chungu.

Shomari akaendelea kuchoma mkaa, anakohoa moshi, mpaka aliposikia kiwanda kilekile kinatafuta vijana wa kupakia. Akapiga pasi shati, akaenda. Getini yupo dada mlinzi, Rukaya.

"Jina?"

"Shomari Mwishehe."

Rukaya akamwangalia juu mpaka chini. "Wa wapi?"

"Vihingo."

"We kaka, Shomari Mwishehe wa Vihingo yupo ndani. Mnene hivi, mkopaji wa maandazi yangu. Wewe wa kwako umeokota wapi?"

Foleni nzima ikacheka. "Tapeli wa asubuhi asubuhi!" mmoja akadakia. Mtu unaitwa tapeli kwa jina ulilopewa na babu yako!

Rukaya akapaza sauti kuelekea stoo: "Shomari! Njoo uone pacha wako!"

Halidi akatoka, shavu limejaa andazi. Alipomwona ndugu yake, akameza haraka, akamvuta pembeni ukutani.

"Dogo, usiniharibie. Kazi unataka? Sema unaitwa Halidi. Nitakupa kitambulisho changu, upakie kwa jina langu."

"Na makato ya mkopo wako?"

"Si watakukata kidogo kidogo tu. Nitakuwa nakurudishia."

Alisema vile anajilamba sukari kwenye vidole. Shomari akavitazama vile vidole. Huyu ndiye waliyemuuzia mikorosho ya Maneromango ili afike chuo. Huyu ndiye ambaye kwa ajili yake Shomari aliacha shule kidato cha pili, eti asubiri, kaka akimaliza atamwinua.

Akarudi getini, akatoa kitambulisho halisi, akampa Rukaya. "Angalia sura, dada. Mimi ndiye Shomari. Yule ni Halidi, mtoto wa mama yangu mkubwa. Anakwepa deni la chuo."

Akaitwa afisa utumishi, Bwana Telesphory. Akasikiliza, akapangusa miwani. Halidi stoo anaijua, akasema, na wa kumbadilisha hayupo. Ataandikwa upya kwa jina lake, makato yaanze mwezi huu.

"Na mimi, mzee?" Shomari akauliza.

"Wewe? Mtu anayeazimisha jina lake, kesho ataazimisha funguo zangu. Nenda nyumbani, kijana."

Ndiyo hivyo. Mwizi kabaki na meza, mwenye jina kaonyeshwa barabara. Mchuma janga hula na wa kwao, ila huyu kachuma, kala peke yake, kawaachia wenzie sahani waoshe.

Hakufika mbali, akasikia sauti ya Rukaya nyuma yake, mazoea hayo:

"Shomari! Na hela ya maandazi yangu?"

Wakageuka wote wawili, yeye na Halidi aliyekuwa bado getini. Shomari akatema mate chini.

"Mdai huyo," akasema. "Kala yeye."