Sheria Niliyoipima kwa Rula

Siku yangu ya kwanza katika ghala la vyakula pale Al Quoz, huku Uarabuni, nilipewa vitu vitatu: rula ya chuma, kioo cha kukuzia na mhuri. Nilikuwa nimezoea kufunga paketi za tende, kazi ya mikono tu, nikadhani wamekosea mtu. Meneja mkuu, Mwingereza mrefu mwenye uso uliobabuka kwa jua, akanionyesha chupa ya tahina, ule ufuta uliosagwa mpaka ukawa rojo.

"Tazama hii herufi x," akaniambia. "Isipungue milimita moja nukta mbili. Ikipungua, maduka ya kwetu hayapokei mzigo."

Nilicheka, nikamuuliza, "Sir, nani kasema?"

"Ulaya," akajibu, kama mtu anayetema kokwa ya ndimu.

Ndivyo nilivyoingia katika ukaguzi wa lebo. Nyinyi vijana mnaifanya kazi hii kwa kompyuta. Sisi tuliifanya kwa macho. Kila lebo ilipita kwangu kabla ya kubandikwa. Nilipima herufi. Nilisoma viambato, yaani vilivyomo ndani, kama vimepangwa kuanzia kilicho kingi mpaka kilicho kidogo. Kisha nikatafuta vizio, vile vyakula vinavyoweza hata kumuua mtu ambaye mwili wake haupatani navyo: karanga, maziwa, ufuta. Hivyo lazima viandikwe kwa wino mzito, vikae mbele ya macho ya mnunuzi. Lebo ikitimia, napiga mhuri. Bila mhuri wangu kontena halitoki.

Jambo hili lilinistaajabisha, na mpaka leo linanistaajabisha. Watu wamekaa ukumbini huko Ulaya, hawaijui Al Quoz, hawamjui Zuwena binti wa Malindi ya Unguja. Wakaandika sentensi moja, nami naamka alfajiri kupanda basi la kampuni kwenda kuitii! Niliomba nakala ya sheria yenyewe, nikaisoma mwaka mzima na kamusi pembeni. Loh, ilikuwa imewaza kila kitu. Hata kichupa kidogo kisicho na nafasi ya maandishi kiliwekewa kipimo chake. Nilikuwa nikifunga kurasa zile kwa heshima.

Meneja mkuu hakuisoma, lakini maoni yake juu yake hayakuisha. Kila asubuhi, kikombe mkononi, alikuwa na yaleyale: serikali ya London inatapanya kodi za watu kwa kamati na maafisa, na Ulaya imewanyang'anya Waingereza haki ya kujitungia sheria. "Nchi gani hii inayoambiwa ukubwa wa herufi?" Msimamizi wa ghala, Mwinyi, mtu wa Likoni, alinikonyeza. "Mama Lebo, boss ameanza tena ile story yake." Mimi nilimsikiliza, maana si yote yalikuwa upuuzi. Mtu kutaka atungiwe sheria na yule aliyemchagua mwenyewe si kosa.

Kisha siku ikafika, Uingereza ikamaliza kutoka katika Umoja wa Ulaya. Meneja mkuu alikuja na keki. Alitugawia vipande, kisha akaniwekea mezani lebo mpya za tahina. Herufi zake zilikuwa kama punje za haradali, na neno ufuta halikuwa na wino mzito.

"Khalas, Mama, yamekwisha. Tuko huru. Piga mhuri."

Kazi yangu ilikuwa ni ile sheria. Ikifa, kazi nayo imekufa. Visa yangu ilikuwa ya kampuni, na binti yangu alikuwa bado anasomea uuguzi kwa mshahara wangu. Hata hivyo mkono ulikataa kuinuka.

"Sir, kifungu kipi kimefutwa?"

"Vyote!"

"Nionyeshe kimoja tu, napiga sasa hivi."

Uso ulimwiva. Mwinyi alizima mashine ya kuinulia mizigo.

"Wewe si Mwingereza," akaniambia. "Haya hayakuhusu."

"Kweli, sir. Lakini mhuri ni wangu."

Akaniamuru niuache mezani, niende nyumbani mpaka aamue la kufanya na mimi.

Nilikaa siku tatu katika chumba changu Al Garhoud. Ngojangoja huumiza matumbo. Nilijiambia, Zuwena, umeula wa chuya. Maisha yangu sijapiga kura Uingereza, na kura zao ndizo zitakazonirudisha Unguja. Nililiteremsha sanduku kutoka juu ya kabati, nikaanza kukunja nguo.

Siku ya nne Mwinyi akapiga simu. "Mama, kuja mbio. Boss alimwandikia lawyer wa UK, sasa amejibu."

Nilimkuta meneja mkuu amekaa kwenye kiti changu, barua mbele yake. Mwanasheria alikuwa ameeleza kwamba sheria ileile ya Ulaya ilikwisha nakiliwa ikawa sheria ya Uingereza, mpaka Bunge lao litakapoamua vingine. Milimita zilezile, wino uleule. Tena sasa lebo zingekuwa mbili, moja yenye anwani ya mwagizaji wa Uingereza, nyingine ya mwagizaji wa Ulaya.

"Miaka yote hii nagombana na karatasi nisiyoisoma," akasema taratibu. "Nisomee."

Nikavuta kiti, nikamsomea. Tulipofika kwenye kifungu cha vizio akainua mkono.

"Hiki kizuri. Nani alikiandika?"

"Nchi wanachama, sir. Na nyinyi mlikuwemo."

Akausukuma mhuri mpaka mbele yangu. "Yalla, Mama. Kazi."

Hakuacha maoni yake, wala sikumtaka aache. Baadaye shehena yetu ilipokwama bandarini kwao, nilimsikia akifoka kwenye simu kwamba serikali ni bahili, haiajiri maafisa wa kutosha. Mwinyi ilibidi akacheke nje.

Sasa nimestaafu. Naishi Al Warqa kwa binti yangu, muuguzi, na visa yangu ameidhamini yeye. Siku ya kuaga nilirudisha mhuri; rula meneja mkuu aliniambia niende nayo.

Watu huniuliza kama sikuona uchungu kutumikia sheria za nchi nisizozijua. Mimi humfikiria mama mmoja wa huko, amesimama dukani na mwanawe asiyeweza kula ufuta. Amechukua chupa, ameliona lile neno jeusi, ameirudisha rafuni na kwenda zake. Hajui kama yalikuwepo mabishano. Hajui hata kama kuna Al Quoz.