Ugonjwa wa Tumbo Ulioitwa Karuho

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mume wangu alipolazwa kwenye kipoyi, kile kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa. Kaka yake mkubwa, shemeji Faustin, akanigeukia na kusema bila kupunguza sauti: "Akikufa njiani, usirudi huku. Enda kwa mama yako kule pori, mugawane ile sumu mulimupa."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikafuata kipoyi.

Miaka hiyo ya sitini nilikuwa bado mbichi, nimeolewa kwenye milima iliyo juu ya Kalembe, ambako watu hulima maharagwe na muhogo. Mama yangu alikuwa Itebero, ndani ya msitu, safari ndefu ya miguu. Nilisoma shule ya msingi tu, na kusema mbele za watu kulinishinda tangu utotoni. Ukiniuliza jambo, nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu kana kwamba jibu liko hapo.

Neno la sumu lilianza hivi. Binti yetu wa kwanza, Furaha, alipozaliwa, mama alikuja kumwona, akaleta kasiksi, pombe ya ndizi. Kule milimani anayekupa pombe huonja yeye kwanza, ili uone haina kitu. Mama hakuonja. Alikolelewa yeye, mama mkwe haweki mdomo kwenye kibuyu atakachonywea mkwe wake. Kufanya hivyo ni kumvunjia heshima. Basi heshima ya upande mmoja ikawa shaka ya upande wa pili. Baada ya hapo watu wakaona mume wangu, Bahati, anakonda. Faustin akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Methali ni kama panga, mwanangu: iko mkononi mwa nani?

Ugonjwa wake wakauita karuho, yaani sumu inayomla mtu polepole. Wakamnywesha maji ya mizizi ili aitapike. Akatapika mpaka siku moja ikatoka damu. Hapo baba mkwe wangu, mzee Yakobo, akasema inatosha, mwanawe aende hospitali ya misheni.

Njiani vijana waliobeba walijaribu kumchekesha mgonjwa. "Bahati, ulikuwaka unatushinda kubeba gunia ya maharagwe. Leo gunia inakushinda wewe kilo!"

Bahati akajibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo vizuri. Mutafika mbio."

Walicheka wote, isipokuwa Faustin.

Daktari wa misheni alikuwa mzungu mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alisikiliza vizuri. Alimbonyeza Bahati tumboni, kisha akauliza ugonjwa ulianza lini.

"Ilianza kisha kunywa kasiksi ya mama mukwe wake, Munganga," Faustin akasema. "Mbele ya pale alikuwa muzima kabisa."

Mimi nilijua sivyo. Tangu Furaha akiwa bado tumboni, mume wangu alikuwa akila matonge machache ya bugali anasema ameshiba. Alfajiri mkeka wake ulikuwa umelowa jasho. Na choo chake kilikuwa cheusi kama masizi ya chungu, jambo aliloniambia mimi peke yangu, akaniomba nisilitoe nje. Sasa fikiria: baba mkwe amesimama pale pale. Mke wa mwana hata jina la baba mkwe aliye hai halitamki; atatajaje choo cha mume wake mbele yake? Nikajifunika kitenge mpaka puani.

Mzee Yakobo aliniona.

"Mama Furaha," akasema, "unajua kitu."

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Heshima yako naiona tangu siku ulifika kwetu. Lakini heshima yenye kufunga mudomo mbele ya munganga, ile haiko heshima tena. Ni jembe ya kuchimbia mutoto yangu kaburi. Sema. Mi nitageuza uso."

Na kweli akageuka, akaukabili ukuta, kofia mkononi, mzee mzima kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mwanangu, hakuna aliyewahi kunikemea kwa upole namna ile. Nikasema yote: matonge, jasho, choo cheusi.

Daktari akainua kichwa. "Choo nyeusi ilianza mbele ya kuzaa? Kweli?"

"Mbele ya kuzaa, Munganga. Mama yangu alikuwa angali Itebero."

Faustin akaruka. "Na mbona hukusema?"

Mzee Yakobo akamjibu akiwa bado anatazama ukuta: "Ulimuuliza lini? Wewe ulikuja na jibu tayari."

Daktari akatueleza kuwa choo cheusi ni damu inayovuja polepole ndani ya tumbo na kupikwa humo. Na damu iliyovuja kwa miezi haikuanza na kibuyu cha juzi. Wakamnywesha Bahati uji mweupe kama chokaa, wakampiga picha ya eksirei, na pale kwenye picha palionekana sehemu ya tumbo imevimba, kuta zake nene. Daktari hakutuficha. Alisema inafanana na kansa ya tumbo, na ile anayoijua huua wengi. Alimpasua, akatoa sehemu iliyovimba. Lakini mikono yake, alisema, ilikuta uvimbe usio kama ule aliouzoea. Kwa hiyo hakukata tamaa wala hakutupa matumaini ya bure. Aliweka kipande cha nyama ile kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhi, akakipeleka mbali, kwa mtaalamu wa kutazama nyama kwa hadubini.

Tukangoja. Kungoja nako ni dawa chungu. Nilipika uji nyuma ya hospitali pamoja na wanawake wengine, na Bahati akajifunza kula kidogo kidogo, mara nyingi, kama ndege.

Jibu liliporudi, daktari alituita wote. Mara hii mimi ndiye niliyeketi karibu naye. Alisema mwili una tezi ndogo ndogo, shingoni, kwapani, na mahali pengine pengi, ambazo kazi yao ni kulinda mtu na magonjwa. Seli za ulinzi huo zinaweza kuasi, zikazaana ovyo, na mara chache huasi zikiwa tumboni. Hiyo ni limfoma ya tumbo. Ni kansa nayo, ila si ile ya kawaida, na dawa yake si ile ile. Akapapasa shingo ya Bahati, makwapa na mikunjo ya mapaja, akatafuta kama imetambaa. Hakukuta kitu.

Kisha wakaanza sindano za mshipani. Kabla ya kila sindano walipima damu, wasije wakaua mlinzi pamoja na mwasi. Bahati alitapika, nywele zikamtoka zote, akafanana na Furaha alivyozaliwa. Lakini alirudi kila alipoitwa, hata barabara ilipokuwa matope matupu. Na alipona. Alilima maharagwe tena, tukazaa watoto wengine, na alizeeka pamoja nami.

Mzee Yakobo alimtuma Faustin Itebero kwa miguu, akaombe msamaha. "Ile njia ya kwenda kwa mama ulimusemea mabaya, uitembee," alimwambia. Faustin alirudi amechoka, viatu mkononi. Nikamuuliza mama alisema nini.

"Niliomba pole, shemeji. Yeye akaniuliza tu: Mukwe wangu anakula?"

Siku hizi nasikia wanaingiza mpira wenye taa kinywani, wanaona tumbo na kuchukua kipande bila kupasua. Nasikia pia aina nyingine ya ugonjwa huo hupungua kwa dawa za kuua vijidudu vya tumbo tu. Nafurahi. Lakini mpira wenye taa hauwezi kuona kilichofichwa mdomoni mwa mke, wala mwa mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Ukishiba kwa matonge machache, ukikonda bila sababu, ukiona choo cheusi, usingoje watu wakuchagulie adui. Nenda hospitali, useme ugonjwa tangu siku yake ya kwanza, hata kama mkwe amesimama hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usinywe dawa ya kutapisha juu ya tumbo linalovuja damu. Ukiambiwa ni kansa, uliza ni kansa gani, na nyama itazamwe, kwa maana magonjwa yenye sura moja hayana dawa moja. Ukianza matibabu, yamalize. Na mtu asiyeulizwa usimhukumu.

Mungu akupe tumbo lenye amani, na akupe mkwe atakayegeuka ukutani ili wewe upate kusema. Nenda na baraka zangu, mwanangu, na hao utakaowazaa wakute mdomo wako uko wazi.